Ruzuku Alipokuja Kutupimia Mlango

Usiku wa jana, nikiwa nimelala kifudifudi baada ya kula ugali uliopoa, niliota kwamba Ruzuku amefika Voi kwa miguu.

Alikuja kwa kile kijia cha nyuma ya stesheni, mtu mfupi mwenye suti ya kijivu. Soli ya kiatu chake kimoja ilikuwa muhuri, kwa hiyo kila alipokanyaga na mguu huo aliacha mchangani neno IMEIDHINISHWA. Sikushangaa. Mimi ndotoni si mtu wa kushangaa. Nashangaa nikiamka, nikiona bei ya unga.

Jina langu ni Mghanga. Riziki yangu ni kushona viti vya magari, lakini nikiitwa, naacha sindano na kwenda kuosha maiti. Hiyo si kazi, ni kujitolea. Tuna chama chetu, chenye nyumba moja ya mawe nje kidogo ya mji, bomba moja na ubao wa kuoshea. Barabara kuu inapita jirani, na haikawii kutuletea mtu: utingo wa lori, abiria wa basi lililopinduka, mpita njia ambaye hakuna anayejua alikuwa akienda wapi. Wasio na wenyewe ndio wetu. Bi Mwanaharusi, mwenyekiti wetu, huosha wanawake. Mimi na Mzee Mwatela huosha wanaume. Hatuulizi dini wala kabila wala alikuwa mtu gani, hata kama aliyemleta anajua na ulimi unamwasha kusema. Kwetu ni maji kwanza, maneno baadaye. Na mlango wa nyumba ile haukuwahi kuwa na kufuli, maana waliobeba mtu mabegani hawana mkono wa kushika ufunguo.

Mwaka jana tuliletewa kijana asiye na mwenyewe, tukamwosha, tukamzika. Baadaye yakazagaa maneno kwamba alikuwa mmoja wa waliorusha guruneti katika soko la mji mwingine. Kama ni kweli au ni uzushi, sisi hatukujua. Tulimjua kwa muda wa makarai mawili ya maji tu. Lakini watu walishaamua. Ukuta wetu ukaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa ni kwa magaidi. Yakafuata mawe. Kisha mtu akamwaga petroli kwenye banda la jeneza, na Bi Mwanaharusi, aliyekimbilia kuokoa jeneza badala ya kujiokoa mwenyewe, akaungua mkono, ambao hadi leo haujapona. Ndipo tukaomba ile ruzuku ya serikali inayopewa vyama na nyumba za ibada zinazoandamwa na watu wenye chuki au magaidi, ili ziweke milango imara, uzio na kamera. Tulipata. Ruzuku ya kweli ilikuja bila miguu, na mlango wa chuma umewekwa juma hili hili.

Kuna jambo jingine lazima niliseme mapema. Nina mdogo wangu, Mwadime. Aliondoka nyumbani akiwa bado kijana, akasema amepata kibarua cha ujenzi upande wa mpakani, na hakurudi. Wapo waliosema alivuka. Wapo waliosema alivuka akashika bunduki. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilijiunga na chama kwa ajili yake. Kila shuka inapofunuliwa mimi hutazama uso kwanza, na nikiona si yeye, moyo hufurahi na kuuma kwa pamoja. Nimeishi hivyo mpaka nimezoea.

Basi, turudi kwa Ruzuku.

Anapiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Bi Mwanaharusi anatoka na kumnyooshea mkono wake wenye bendeji. Ruzuku anaruka nyuma.

"Samahani, mama," anasema. "Siruhusiwi kutumika kwa kitu chenye pumzi."

"Hata salamu, mwanangu?"

"Salamu ni gharama ya uendeshaji. Mimi ni wa chuma, mawe, waya na vioo. Mtu akinigusa, itabidi anirudishe nilikotoka."

"Na mlinzi je?" namuuliza. "Tuliomba Mzee Mwatela awe analala hapa, apewe chochote."

Ruzuku anamtazama Mzee Mwatela juu hadi chini. "Anapumua?"

"Kidogo," anasema Mzee Mwatela, ambaye ana pumu.

"Hata kidogo hairuhusiwi."

Mzee Mwatela ni mtu wa kujaribu. Anabana pumzi mpaka mishipa ya shingo inamsimama, macho yanamtoka, halafu anashindwa na kukohoa. Ruzuku anamwambia kwa upole kwamba amekaribia sana, asikate tamaa, ipo siku.

Kisha anasema amechoka na safari. Kabla hatujamtafutia kiti, anaona ubao wetu wa kuoshea, anajilaza juu yake chali, na kuyatumbulia macho mabati ya dari. Hapumui, kama alivyosema.

Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wengine wasingelifanya. Mtu akiwa juu ya ubao ule na hapumui, mikono yetu haingoji kichwa. Mzee Mwatela anafungua bomba. Mimi navunja kafuri ya kutia kwenye maji. Bi Mwanaharusi anageukia ukutani, kama anavyofanya akiletwa mwanamume, na kuanza kuimba kwa sauti ya chini.

"Nadhani pana makosa," Ruzuku anasema tunapomvua koti.

"Wote husema hivyo," anajibu Mzee Mwatela.

Tunamwosha vizuri, siwezi kusema tulilipua kazi. Lakini maji yanayomtoka ni meusi, na ndani yake naona masharti yake yakiogelea kuelekea kwenye mfereji: sharti la kuwashirikisha wananchi wa eneo, sharti la mlango kufunguka kwa ndani moto ukitokea, sharti la kuwasikiliza waliodhurika. Nanyoosha mkono nilidake hilo la mwisho, linaniteleza vidoleni. Kila kata moja ya maji, Ruzuku anapungua. Tunapofika miguuni amebaki kama mkate wa nusu.

Anaketi ndani ya sanda, analia bila machozi.

"Nilikuja na masharti mengi," anasema, "na mengine yalikuwa na akili. Sasa nimebaki na moja tu."

"Lipi hilo?"

"Mlango utengenezwe kwa kipimo cha adui."

Mzee Mwatela anamwomba radhi na kumfunga sanda vizuri asipate baridi.

Hapo, bila mtu kuinua mguu, tuko katika darasa la nne la shule niliyosoma, isipokuwa sasa ni karakana ya kuchomelea vyuma. Cheche zinaruka ubaoni. Kwenye dawati la mbele limekaa bamba kubwa la chuma, limekunja mikono. Nalijua papo hapo: ni mlango wetu kabla haujawa mlango. Na juu ya meza ya mwalimu iko tepu ya fundi, ile ya chuma inayojivuta yenyewe, na ina sauti ya mwalimu mkuu.

"Adui asimame," inasema.

Hakuna anayesimama.

"Hatumjui, mwanangu," anasema Bi Mwanaharusi. "Walikuja kukiwa na giza."

"Asiyejulikana hana kipimo. Asiye na kipimo hana mlango. Mnataka mlango au hamtaki?"

"Twautaka," anasema, na anaficha ule mkono chini ya dawati.

Basi mlango wa darasa unafunguliwa na wanaingia wale waliotupiga mawe. Wamejipanga foleni bila kusukumana, kila mmoja na jiwe lake alilolifunga kwenye gazeti. Wa kwanza ni Bwana Kilambo, muuza mkaa. Namfahamu sana. Chama kikichangisha sabuni, yeye hachelewi kutoa.

"Petroli niliimwaga mimi," anasema, kama mtu anayekuja kuripoti kwamba maji yamekatika. "Nipimeni."

Nafurahi mno. Nafikiri: haya, mambo yamekwisha, adui amejileta mwenyewe na ana mabega yanayoonekana. Tepu inajinyoosha, inamzunguka Kilambo mara moja, inamnusa shingoni, kisha inajikunja kwa kishindo.

"Huyu ni jirani," inasema.

"Ndiye aliyenichoma," anasema Bi Mwanaharusi.

"Sikatai. Lakini jirani yumo katika wanaolindwa, na anayelindwa hapimwi kama adui. Anayelindwa akakae nyuma. Anayefuata!"

Wanapita wote, na wote ni majirani. Wanakwenda kukaa nyuma ya darasa na mawe yao magotini, wameudhika kidogo, kwa sababu wengine walikuwa wameacha biashara zao ili waje.

Tepu inageuka upande wangu.

"Mghanga. Una mtu aliyeondoka."

"Nina mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Sijui."

"Atarudi lini?"

"Sijui."

"Hajulikani alipo, hajulikani atarudi lini, na hakuna anayejua ana nini mkononi. Darasa, mtu huyo tunamwitaje?"

"Adui!" darasa linajibu kwa pamoja, Kilambo akiwa na sauti kubwa kuliko wote. Bi Mwanaharusi peke yake hajibu.

Ningeweza kutoka. Hakuna aliyenishika. Lakini naona bendeji chini ya dawati, naona jinsi mama mtu mzima anavyokaa upande ili isiguse kitu, na kweli nautaka ule mlango. Nautaka kwa moyo wangu wote. Nasema jambo la kwanza linalonijia, nikidhani namtetea mdogo wangu.

"Hayupo, hamuwezi kumpima," nasema. "Ninachojua tu ni kwamba kifua chake na changu ni kimoja. Tulivaa shati moja kwa zamu tulipokuwa wadogo."

"Hilo latosha," inasema tepu.

Inanirukia. Inanizunguka kifua, mabega, shingo, kifundo cha mkono, urefu wa paja. Ni ya baridi kama bomba la alfajiri. "Usipumue," inaniambia, na mimi, Mungu anisamehe, natii. Inaposoma kila namba kwa sauti, bamba la chuma linarudia kwa furaha na kujikunja hapa na pale, hadi linaposimama kutoka dawatini likiwa na bawaba, komeo na kitasa. Watu wa nyuma wanapiga makofi.

Sasa tuko nyumbani kwetu, kwenye chumba cha kuoshea, na mlango uko mahali pake. Ni mlango mzuri, wa kijivu, umepakwa mafuta. Unaongea kwa sauti ya yule dada wa mapokezi katika hospitali ya watu wenye pesa.

"Karibuni nyote," unasema. "Usalama wenu ndio furaha yangu."

Juu yake kuna kamera. Naiuliza inaona nini. Inaniambia inaona tu yaliyokwisha kutokea, na kwamba kwa wakati huu inaangalia ule moto wa mwaka jana na umeisikitisha sana.

Mlango unaanza kazi. Anakuja mbuzi, unampisha. Linakuja kundi zima la mbuzi, unalipisha na kulitakia siku njema. Halafu anakuja Bwana Kilambo na dumu la petroli.

"Muulize dumu la nini," nauambia mlango.

"Mimi siulizi, bwana. Napima. Mabega ya huyu ni mapana kuliko ya adui. Karibu, ndugu."

Wanaingia wote, na mawe yao na madumu yao, wanajipanga kwenye benchi la ukutani. Bi Mwanaharusi, ambaye hajui kumwacha mtu akae nyumbani kwake midomo mikavu, anawapa chai ya tangawizi. Wanamshukuru. Kilambo anamuuliza mkono unaendeleaje.

Mimi nataka kutoka nikamtafute Ruzuku, tumwombe abadilishe sharti. Nikifika kizingitini mlango unajibamiza mbele ya pua yangu.

"Samahani, bwana. Kipimo chako kinalingana."

"Mimi ndiye katibu wa chama. Ni mimi niliyekuombea."

"Ndiyo sababu nakuomba samahani."

Basi naganda pale, ndani, nikiwa nimefungiwa na mlango nilioutaka. Na hapo nasikia nyayo. Sisi tunazijua nyayo hizo hata tukiwa usingizini: watu wanaokanyaga pamoja, hawaongei, na hawana haraka. Wamebeba mtu.

Wanabisha hodi.

"Samahani, haiwezekani," unasema mlango. Kisha sauti yake inabadilika, inakuwa laini, kama imeguswa. "Lahaula! Kifua, mabega, shingo, kila kitu. Sijapata kuona mtu aliyenitosha namna hii."

Nasogeza sikio karibu na mlango.

"Kaka Mghanga," inasema sauti ya upande wa pili. "Ni mimi. Nimefika."

Naweka shavu kwenye chuma. "Mwadime?"

"Ndimi."

"Umekufa?"

"Naona hivyo. Nimebebwa, na hakuna anayelalamika kwamba mimi ni mzito."

"Ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Mbali."

"Ulishika bunduki?"

Nyuma yangu, kwenye benchi, vikombe vinashuka vyote kwa pamoja ili watu wasikie vizuri. Na mimi najisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Tangu niingie katika nyumba ile sijapata kumuuliza maiti jambo lolote kabla ya maji. Nimeosha wezi, nimeosha askari, nimeosha yule kijana wa mwaka jana, na wa kwanza kumuuliza ni mtoto wa mama yangu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

"Kaka," anasema taratibu, "nina vumbi mpaka kwenye meno. Huwezi kuniuliza nikishakuwa safi?"

Naupiga mlango kwa ngumi. "Mfungulie! Huyu amekwisha kufa, atamdhuru nani?"

"Kifo hakipunguzi mabega," unasema mlango.

"Una chuki gani naye?"

"Mimi sina chuki, bwana. Nina kipimo."

Naendelea kuupiga. Kilambo ananiambia kutoka kwenye benchi nisiuharibu, hiyo ni mali ya umma. Naita Ruzuku kwa nguvu zangu zote, na kutoka nje, chini karibu na ngazi, kinajibu kisauti chembamba kwamba angependa sana kunisaidia, lakini hawezi kubadilishwa tena akishaoshwa, na kwamba sanda inambana.

Naangalia huku na huku. Hakuna dirisha. Kuna benchi, chai, mawe kwenye magazeti, mbuzi. Kisha naona maji. Yanatoka chini ya ubao na kwenda zake kuelekea mlangoni, na yakifika hayapimwi, yanapita chini yake na kutoka nje. Tepu haikuipima sakafu. Kati ya chuma na saruji kuna nafasi ya mkono mmoja.

Najitupa chini kifudifudi. Bi Mwanaharusi haambiwi. Analeta jagi, anageuza uso ukutani kwa adabu yake ileile, na kwa ule mkono wenye bendeji anamimina maji, yanashuka kwenye bega langu na kufuata mkono. Nausukuma chini ya mlango mpaka kwapani. Huko nje waliombeba wanamsogeza, nasikia mchanga ukikwaruza. Vidole vyangu vinakutana na vidole.

Mkono wa Mwadime umekuwa mkubwa. Kiganja kina sugu ngumu chini ya vidole. Inaweza kuwa ya sepeto, inaweza kuwa ya bunduki. Nakishika kwa muda mrefu na hakiniambii kitu. Basi namwosha. Naanza upande wa kulia, kama ilivyo desturi: kiganja, katikati ya vidole, mkono, kiwiko, kwapa, bega. Napanda shingoni. Naosha sikio na nyuma ya sikio, pale mama alipokuwa akimsugua na yeye akipiga kelele. Naosha jicho la kulia, naosha shavu, lina ndevu ambazo sijapata kuziona. Nafika puani, kwenye mgongo wa pua, na hapo bega langu linagota kwenye chuma.

"Na huku kwingine?" anauliza.

"Mkono haufiki."

"Jaribu, kaka."

Najaribu mpaka bega linalia. Naukanyagia ukuta miguu yote miwili na kusukuma. Haufiki.

"Sogea kidogo," namwambia. "Kidogo tu."

"Maiti hatusogei. Wewe ndiye unayejua hayo."

Nalia sasa, nimelala kwenye maji meusi, mdomo kwenye saruji, na sijali nani anaona. Kwenye benchi wameshaanza tena kunywa chai. Mlango unanipa pole kwa niaba ya wote wanaohusika.

"Basi," anasema Mwadime. "Nitangoja."

Niliamka nimelala vilevile kifudifudi, mkono wa kulia ukiwa umening'inia nje ya kitanda, umekufa ganzi hadi begani. Jua lilikuwa limeshapanda. Simu ilikuwa ikilia, na aliyepiga ni Bi Mwanaharusi.

"Mghanga, mwanangu, hebu njoo. Askari wa barabarani wameleta mtu tangu alfajiri, wakamshusha barazani wakaenda zao. Ufunguo alikuwa nao Mzee Mwatela, ndiyo kwanza afika."

Nilikwenda bila kunawa uso. Njiani nilijiambia kuwa watu huletwa kila mara, na kwamba ndoto ni ugali wa jioni. Nilijiambia hivyo mpaka nilipofika.

Walikuwa wameshamwingiza na kumlaza ubaoni. Lori lilimgonga karibu na njia panda. Dereva aliwaambia askari kwamba mtu huyo alikuwa akitembea kando ya barabara peke yake, hana mzigo, anakuja upande huu wa mji. Mzee Mwatela alikuwa amesimama juu yake na jagi lililojaa, hajamimina hata tone, na alikuwa amekasirika.

"Nani ameanza kumwosha huyu?" aliniuliza.

"Nani aanze, na wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Basi tazama mwenyewe."

Nikatazama. Mkono wa kulia ulikuwa safi, na kwapa, na bega, na shingo upande huo. Sikio lilikuwa safi mbele na nyuma. Shavu la kulia lilikuwa bado na unyevu kwenye ndevu. Usafi ule ulifika kwenye mgongo wa pua ukakoma hapo, na kutoka hapo kwenda kushoto ni vumbi jekundu la barabara, kope, midomo, kila mahali.

"Pengine waliomleta walimpangusa," alisema Bi Mwanaharusi kutoka nyuma ya pazia.

Mimi nilikuwa nimeshautazama uso. Alikuwa amezeeka kunipita mimi.

"Wamjua?" Mzee Mwatela aliuliza, kwa sababu sikuwa nimesogea.

"Ni mdogo wangu," nikasema. "Ni Mwadime."

Aliweka jagi chini. Nje, barazani, watu walikuwa wameanza kukusanyika kama wanavyokusanyika siku hizi tukiletewa mtu, na nilimsikia Bwana Kilambo akiuliza kwa sauti ya upole ni nani aliyeletwa leo, na ametokea wapi. Bi Mwanaharusi alitoka nyuma ya pazia bila kututazama. Alikwenda mlangoni, akausukuma kwa bega ili asitumie ule mkono, na nikasikia komeo likiingia.

Mzee Mwatela alikuwa ananingoja. Nikaokota jagi, nikazunguka ubao, nikaanza kushoto.